Uzi: Kufufua na kuboresha efekti za gitaa za zamani, na vipuri vinakopatikana

#1 · Mleta uzi (Temeke, Dar es Salaam)

Wakuu, habari za wakati huu.

Uzi huu nimeuahirisha mno, leo naushusha. Usiku napiga gitaa la solo, mchana ni fundi wa redio na amplifaya. Haupiti mwezi bila mtu kuja bandani kwangu na kiroba chenye mashine ya zamani ya efekti, yaani ya kubadilisha sauti ya gitaa, akiniuliza kama naweza kumpa chochote kwa ajili ya skrepa. Huwa naumia. Katika zile nilizofungua kwa mkono wangu, nyingi hazikuwa zimekufa. Zilikosa umeme zinaoutaka, au betri ya kumbukumbu iliisha, au kapasita, vile vihifadhi umeme vidogo vya kwenye bodi, zilikauka kwa umri. Chipu zenyewe zinazotengeneza sauti zilikuwa nzima.

Nianze na hii iliyopo mezani sasa hivi.

Kwaya moja ya huku kwetu wana Alesis Quadraverb. Mashine hii ilitoka mwaka 1989, ni ya kufunga kwenye raki, nyembamba, na inatoa efekti nne kwa mpigo: ikwalaiza (besi na trebo), pichi (kupandisha au kushusha nota), dilei (kurudia sauti kwa kuchelewa) na mwangwi. Kwa zama zile, bendi ya kawaida kuvipata vyote hivyo ndani ya kisanduku kimoja lilikuwa jambo kubwa. Adapta yake ilipotea, kijana wa vyombo akachukua ya ruta kwa sababu iliandikwa 9V na tundu likaingia. Taa ikawaka. Kioo kikaandika. Sauti ikatoka kama mtu anayekoroma chini ya blanketi, kisha ikakatika. Wakahitimisha imekufa.

Kumbe Quadraverb inataka volti 9 za AC, umeme kama wa ukutani, si DC, umeme ulionyooka kama wa betri. Hapa ndipo mashine nyingi za miaka ile zinapoonewa. AC inapanda na kushuka. Mashine inachukua nusu ya juu inatengeneza volti chanya, inachukua nusu ya chini inatengeneza volti hasi. Ukiipa DC umeipa nusu moja tu. Upande wa kompyuta, unaokula chanya, unaamka: kioo kinaandika, vitufe vinaitika. Chipu za sauti zinazohitaji chanya na hasi kwa pamoja zinabaki zinachechemea.

Niliweka mita. Mguu wa tatu wa 7805, chipu inayotuliza umeme kwenye volti 5: volti 4.98, safi kabisa. Nikahamia upande wa hasi: sifuri. Sikuhitaji kugusa kitu kingine. Nikachomoa transfoma ya volti 9 kwenye deki iliyokufa, ampea moja na nusu, nikaiweka kwenye boksi la plastiki pamoja na fyuzi ya miliampea 250 upande wa umeme wa ukutani, nikafunga waya vizuri usivutike. Nilipowasha, mwangwi ulijaa banda zima. Nilipiga kodi moja ya G nikaiacha ife yenyewe, ikachukua sekunde nyingi kufa. Mashine ya 1989, wakuu.

Kwa hiyo sheria yangu ya kwanza, hata kabla ya kushika bisibisi: soma kibandiko cha nyuma. Alama ya wimbi ni AC. Mstari ulionyooka wenye vidoti chini yake ni DC. Kisha tazama kile kimchoro cha duara kinachoonyesha katikati ya plagi ni chanya au hasi, kwa sababu pedali nyingi za gitaa, zile efekti za kukanyaga, katikati ni HASI wakati adapta za ruta na dekoda katikati ni chanya. Na kosa la kinyume chake ni baya zaidi: ukichomeka adapta ya AC kwenye pedali ya DC unaweza kuiua palepale.

Halafu betri. Ndani ya mashine zenye kumbukumbu za wakati ule kuna betri ya mviringo ya volti 3, mara nyingi CR2032, imechomelewa kwenye bodi kwa vibati. Hii ya kwaya ilisoma 2.1. Ndiyo maana walikuwa wakilalamika kila Jumapili wanakuta mipangilio imepotea. Usichomelee risasi moja kwa moja kwenye mwili wa betri mpya, joto linaweza kuipasua. Nenda kwa fundi kompyuta akupe bodi mama iliyokufa, chomoa kile kikalio cha CR2032, kichomelee kwenye bodi yako kwa waya mbili fupi. Siku nyingine ikiisha unabadilisha kwa kucha. Lakini kabla hujakata ya zamani, andika mipangilio yenu kwenye daftari, au itoe kwenda kwenye kompyuta kwa waya wa MIDI, ule wa kupitisha taarifa kati ya vyombo vya muziki. Za kiwandani zimo kwenye chipu ya programu, hazipotei. Zenu ndizo zinazopotea.

Na sasa uboreshaji wenyewe. Quadraverb ya kawaida inaweza kugeuzwa kuwa Quadraverb Plus kwa kubadilisha chipu moja tu, ile EPROM inayobeba programu. Plus iliongeza dilei ya kugonga mara nyingi na uwezo wa kunasa kipande kifupi cha sauti na kukirudisha. EPROM utaitambua: ni ndefu, ina kibandiko chenye namba ya toleo, na ukibandua kibandiko utakuta kidirisha cha kioo. USIKIBANDUE bila sababu. Mwanga wa jua ukiingia humo kwa muda mrefu unafuta programu. Ukiwa na kichomea programu kama TL866 unaweza kunakili chipu yako ya sasa kama akiba kabla ya kufanya lolote. Mimi nimeagiza ya Plus kwa mtu anayeziuza mtandaoni, naisubiri posta.

Karibuni. Leteni mashine zenu, semeni zinasumbua nini.

#2 · Mdau wa Mwanza

Mkuu, asante sana kwa uzi huu. Nina Boss CE-2, ile pedali ya koras (inayofanya gitaa moja lisikike kama mengi) ya rangi ya samawati iliyopauka. Nilirithi kwa mjomba. Nikitumia betri ya 9V taa inawaka vizuri na sauti ni tamu. Nikitumia adapta yangu mpya ya 9V, taa inafifia na sauti inakuwa nyembamba, haina nguvu. Nimebadilisha adapta tatu, hali ni ileile. Pedali imeanza kufa?

#3 · Mleta uzi

Kaka, pedali yako ni nzima. Igeuze uangalie kibandiko cha chini. Nina hakika kimeandikwa ACA, si PSA.

Iko hivi. Boss za zamani zilitengenezwa kwa adapta ya ACA, ambayo haikuwa na udhibiti wa volti. Pedali ikiwa peke yake, adapta ilikuwa inatoa karibu volti 12. Kwa hiyo ndani ya pedali waliweka rezista na dayodi za kuipunguza hadi kwenye 9. Baadaye zikaja adapta za PSA zinazotoa 9 iliyotulia, na pedali mpya zikaacha kupunguza. Wewe unaipa 9, nayo inazipunguza tena. Inabaki na njaa. Betri inapita njia nyingine isiyopunguzwa, ndiyo maana kwa betri iko sawa.

Njia rahisi isiyohitaji kufungua: tumia waya wa adapta unaogawa kwa pedali kadhaa, na mojawapo ya hizo pedali iwe ya PSA. Zikiunganishwa kwa waya wa gitaa zinashirikiana ardhi, na ile njia ya kupunguza volti inarukwa. Taa itawaka kama kawaida.

Njia ya pili ni kufungua na kuziba rezista na dayodi hizo kwa kipande cha waya. Ukifanya hivyo, bandika karatasi nyuma uandike PSA kwa wino usiofutika. Siku mtu akija na adapta ya ACA ya kale akaichomeka, volti 12 zitaingia moja kwa moja, na hiyo pedali ina chipu ambayo hutaki kuipoteza. Hilo nitalieleza chini.

#4 · Mdau wa Arusha

Samahani mleta mada, sipingi ufundi wako. Ila kwa nini mtu ajisumbue? Siku hizi pedali moja ya kidijitali ina efekti mia, ina adapta yake, haina mambo ya betri wala EPROM. Mtu auze hayo madude aongezee kidogo anunue mpya.

#5 · Mleta uzi

Swali lako ni la haki, mkuu. Kama unapiga kila usiku hotelini na mashine ikikataa unakosa mkate, nunua mpya iwe ya kazi. Mimi mwenyewe ninayo moja.

Lakini vijana wengi wanaokuja kwangu hawana hela ya mpya. Wana ya baba, ya kanisa, ya bendi iliyovunjika. Kwao, betri ya CR2032 na kapasita nne ni tofauti kati ya kuwa na efekti na kutokuwa nayo. Na jambo la pili ni sauti. Ile koras ya CE-2 haitoki kwenye hesabu za kompyuta, inatoka kwenye umeme unaobebwa hatua kwa hatua ndani ya chipu, unachujika na kupoteza kidogo njiani. Gitaa la rumba linapochezwa juu kabisa, zile nota za kuchapia sebeneni, upotevu huo unazilainisha zisichome sikio. Nimejaribu kuiga kwa mashine mpya. Inakaribia, lakini mkono wangu unajua tofauti.

#6 · Mzee wa dansi (Morogoro)

Vijana, nawasoma kwa furaha. Nilipiga rizimu miaka ya 80. Ninayo Roland Space Echo RE-201, ile ya mkanda. Imelala juu ya kabati zaidi ya miaka 15. Motor inazunguka, mkanda unatembea, lakini mwangwi unatoka mzito kama umezama majini, unayumba. Je, mkanda wake bado unapatikana duniani?

#7 · Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Umetaja mashine ambayo mimi nikiipata nitailaza kitandani nilale chini. RE-201 ilianza kutoka mwaka 1974, na bado kuna watu wanaolipa pesa nyingi kuipata. Tafadhali usimpe mtu yeyote anayekwambia ni skrepa.

Mkanda unapatikana, mzee. Unaitwa RT-1L, ni kitanzi cha mkanda wa upana wa robo inchi, na wapo wanaoukata na kuuunganisha hadi leo wakauza mtandaoni. Asije mtu akakushauri utoe mkanda kwenye kaseti; wa kaseti ni mwembamba zaidi, hautakaa.

Ila kabla ya kununua mkanda, safisha. Fungua kifuniko cha juu uone vichwa: cha kufuta, cha kurekodi, na vitatu vya kusoma, ndivyo vinavyokupa ucheleweshaji tofauti wa mwangwi. Chovya pamba kwenye spiriti safi ya dukani, isiyo na mafuta wala rangi, ufute kila kichwa taratibu mpaka pamba itoke nyeupe. Utashangaa ule unga wa kahawia utakaotoka. Kisha shika gurudumu la mpira linalobana mkanda. Likiwa gumu kama ukucha na linang'aa, hapo ndipo kuyumba kunakotoka, kwa sababu linateleza badala ya kuvuta. Lifute, na kama limepasuka libadilishwe. Sauti nzito kama maji kwa kawaida ni vichwa vichafu au mkanda uliochoka. Sauti inayoyumba ni mpira au motor.

Usisahau mashine hiyo ina springi za mwangwi pia. Ukiigusa kidogo kwa kidole ikalia kama radi ya mbali, ujue springi ziko hai.

#8 · Mdau wa Nairobi

Mkuu mleta uzi, salamu kutoka huku. Umesema CE-2 ina chipu ambayo mtu hataki kuipoteza. Mimi ya kwangu tayari imepotea. Fundi wa kwanza aliunguza MN3007. Nimezunguka Luthuli Avenue wiki nzima, wanazo transista na 7805 za kila aina, lakini hiyo hawajawahi hata kuisikia. Mtandaoni nimeona MN3207 kwa bei poa. Naweza kuweka hiyo?

#9 · Mleta uzi

USIWEKE, tafadhali. Swali hili ni muhimu, nitalijibu kwa urefu.

Chipu hizi kazi yake ni kama watu waliojipanga mstari kutoka kisimani hadi kwenye nyumba inayoungua, wanapokezana ndoo. Sauti inaingia upande mmoja, inamiminwa kutoka ndoo moja hadi nyingine, inatoka upande wa pili ikiwa imechelewa. MN3007 ina ndoo 1024. MN3005, iliyokuwa kwenye dilei za mwanzo za Boss DM-2, ina ndoo 4096. Zote zilitengenezwa na Matsushita wa Japani, kampuni ileile ambayo wazazi wetu waliijua kwa redio na betri za National. Pembeni yake kuna chipu nyingine ndogo, MN3101, inayopiga filimbi ya kuwaambia "pokezana!" Filimbi ikienda haraka, sauti inachelewa kidogo, ikienda taratibu inachelewa sana lakini inakuwa chafu zaidi.

MN3207 nayo ina ndoo 1024, na kwa macho zinafanana kama pacha. Lakini MN3007 inataka volti za upande wa hasi, MN3207 ya chanya, tena ya volti ndogo. Ndani zimejengwa kinyume. Ukichomeka moja mahali pa mwenzake hupati koras, unapata chipu ya pili iliyoungua. MN3207 ina mpiga filimbi wake, MN3102, na bodi yake.

Sasa utaipata wapi MN3007? Njia ya kwanza ni kutafuta mashine mbovu inayotumia chipu hiyohiyo: koras na flenja za zamani za kampuni mbalimbali, vinanda vya zamani vyenye koras ndani, hata mikisa za karaoke zenye kitufe cha "echo", ingawa humo mara nyingi utakuta za familia ya 32, yaani MN3207 na ndugu zake. Soma namba, usikisie. Njia ya pili ni kununua chipu za zamani ambazo hazijatumika. Hapa uwe macho sana. Mimi nililetewa chipu tano zenye maandishi mazuri mno, meupe, yamenyooka. Nikazipangusa kwa asetoni, maandishi yakafutika, chini yake kukawa na namba nyingine kabisa. Hela ilienda. Tangu siku hiyo nalipa zaidi kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa, na nachomelea kikalio kwanza, chipu inachomekwa juu yake, ili nikiwa nimeuziwa feki niichomoe bila kuharibu bodi.

Kwa familia ya 32 hali ni nzuri, maana Coolaudio wanatengeneza V3207 na V3205, na Belling wana BL3207. Hizo zinapatikana kwa bei ya kawaida. Na MN3005 ilikuja kutengenezwa upya na Xvive. Ila kwa CE-2 shikilia namba yako.

#10 · Mdau wa Nairobi

Nimekuelewa kabisa, asante sana ndugu yangu. Nitatafuta kinanda kibovu. Kuna kanisa moja wana stoo nzima ya vitu vya namna hiyo.

#11 · Mdau wa Tanga

Mimi nina Ibanez TS9, pedali ya ovadraivu, ile ya kuipa sauti ukali. Nimesoma kwamba ukiigeuza iwe kama TS808, ile iliyoitangulia, sauti inakuwa tamu zaidi. Inahitaji chipu adimu?

#12 · Mleta uzi

Hii ni nafuu kuliko zote, na chipu yake unaweza kuikuta kwenye sabufa ya jirani. Inaitwa 4558. Fungua sabufa nyingi, mikisa au amplifaya za kawaida, utaikuta imekaa karibu na nobu ya besi na trebo, miguu minane. Inayosakwa ni yenye maandishi JRC4558D.

Ila kwa maoni yangu watu wanaihusudu chipu kuliko inavyostahili. Tofauti halisi kati ya TS808 na TS9 iko kwenye rezista mbili za mwisho, pale sauti inapotokea. TS808 ina ya omu 100 na ya kilo-omu 10. TS9 ina ya 470 na ya kilo-omu 100. Badilisha hizo mbili kwanza, piga wiki nzima, ndipo ufikirie chipu. Na rezista za zamani usizitupe, zibandike kwa selotepu ndani ya kifuniko ili atakayeimiliki baadaye aweze kuirudisha.

#13 · Mdau wa Muscat

Wakuu mie niko Omani, narudi Unguja mwezi ujao. Hapa kuna mtu anauza mashine za raki zilizotoka Japani, hali nzuri, bei chee. Nyuma zimeandikwa volti 100. Huko nyumbani ni 230. Ninunue?

#14 · Mleta uzi

Nunua, lakini nunua na transfoma ya kushusha kutoka 230 hadi 100, ile nzito ya chuma na shaba. Kuna vile vidude vyepesi vya kusafiria ambavyo vimeandikwa vinafaa pasi na vikaushio vya nywele. Hivyo vinakata mawimbi ya umeme vipandevipande, usichomeke mashine ya sauti humo. Jumlisha wati zilizoandikwa nyuma ya kila mashine, kisha chukua transfoma yenye uwezo mara mbili ya jumla hiyo.

Habari njema ni kwamba Japani yenyewe ina maeneo ya hezi 50 na ya hezi 60, kwa hiyo vifaa vyao huwa vimeandikwa 50/60 na hapa kwetu kwenye 50 havina shida. Kuwa makini zaidi na vya Marekani vilivyoandikwa 120V 60Hz peke yake; transfoma yake ikiendeshwa kwa 50 inapata joto zaidi.

Na ukishafika, weka na kinga ya umeme kama ile ya friji. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo ndio unaomaliza hizi mashine, kuliko umri.

#15 · Dada fundi (Dodoma)

Naomba niongeze, maana hakuna aliyegusa kapasita vizuri. Mimi natengeneza vinanda na efekti. Mashine za mwisho wa miaka ya 80 hadi miaka ya 90 zilizotumia kapasita ndogo za bati zilizolala juu ya bodi, zile zisizo na miguu mirefu, zina ugonjwa wa kuvuja. Si za gitaa tu, ni vifaa vya kila aina vya kipindi kile. Maji yake yanakula shaba ya bodi.

Dalili: sauti inaanza ndogo kisha inapanda baada ya dakika kumi mashine ikipata joto, au chaneli moja inapotea. Ukichomeka chuma cha kuchomelea kwenye mguu wa kapasita, inatoka harufu ya samaki. Ukiisikia hiyo harufu, badilisha zote, usibakize. Usizing'oe kwa kuzizungusha kwa koleo kama wanavyoonyesha mtandaoni. Kama maji yameshakula gundi, unang'oa na njia ya shaba. Mimi natumia vyuma viwili, kimoja kila upande, inanyanyuka yenyewe. Kisha nasafisha kwa spiriti na mswaki, naacha ikauke siku nzima, ndipo naweka mpya za nyuzi joto 105.

Na zingatia alama: kwenye kapasita ya bati ule upande mweusi juu ni hasi. Lakini michoro ya kwenye bodi inatofautiana, viwanda vingine vilichora chanya. Piga picha kabla ya kutoa hata moja.

#16 · Mleta uzi

Dada yangu, hili la vyuma viwili limenifundisha. Mimi nilikuwa natumia koleo na nimeshang'oa njia mara mbili, ikabidi niunge kwa unyuzi wa waya wa hedifoni chini ya kioo cha kukuzia. Asante sana.

Kuhusu kapasita, nyingi za kawaida zinapatikana Kariakoo bila shida, ila duka moja waliniuzia zilizokuwa na umri sawa na mashine. Siku hizi napima kila moja palepale dukani. Mwenye duka akikasirika naondoka.

#17 · Mdau wa Iringa

Ya kwangu inafanya kazi lakini kioo hakisomeki. Giza kabisa, naona maandishi nikimulika tochi kwa ubavu.

#18 · Mleta uzi

Mwanga wa nyuma umekufa. Vioo vingi vya wakati ule vilimulikwa na karatasi nyembamba inayong'aa ikipewa volti nyingi za AC, kama mia hivi, kutoka kwenye kijitransfoma kinacholia kama mbu. Karatasi hiyo inachoka, haitengenezeki.

Lakini wewe una bahati. Kama kioo chako ni cha mistari miwili ya herufi 16, na kina miguu 14 kwa mstari mmoja, kuna uwezekano mkubwa ni cha mfumo wa Hitachi HD44780, uleule wa vioo vinavyouzwa leo kwa wanafunzi wa elektroniki kwa bei ya soda chache. Mguu wa 1 ardhi, wa 2 volti 5, wa 3 ukolezi wa maandishi. Thibitisha hiyo miwili ya kwanza kwa mita kabla ya kuhamisha, maana wapo waliopanga tofauti. Kioo kipya kitakuwa na miguu 16. Miwili ya ziada ni ya taa ya LED, ipe volti 5 kupitia rezista. Kisha KATA umeme wa kile kijitransfoma cha zamani. Volti zake zitakuuma kidole, na mlio wake unaingia kwenye sauti.

#19 · Mdau wa Mwanza

Wakuu narudi na mrejesho. Kweli kibandiko kilisema ACA. Nilifuata njia ya kwanza, nikaazima Boss mpya ya rafiki, nikatumia waya wa kugawa. Taa imewaka kama ya betri, na sauti imerudi yote. Mama alitoka jikoni akauliza kama mjomba amekuja.

Rafiki huyohuyo ana wah yake, ile pedali inayofanya gitaa lilie "wah-wah", inakwaruza ukiikanyaga, kama redio inayotafuta stesheni. Tuanzie wapi?

#20 · Mleta uzi

Mpe mama salamu zangu nyingi, na hiyo CE-2 itunze.

Wah inayokwaruza, shida kubwa huwa ni nobu ya ndani inayozungushwa na meno ya kanyagio. Nyingi ni ya kilo-omu 100, lakini thibitisha namba iliyochapwa mgongoni mwake. Fungua bati la chini, pulizia dawa ya kusafishia nobu, ikanyage mara hamsini hivi umeme ukiwa haupo. Ikirudi kukwaruza ndani ya wiki, imelika, inataka mpya. Kabla hujaitoa weka alama ya wino kwenye jino linalogusana na reli, maana ukiirudisha ikiwa imehama meno mawili wah haitafika mwisho.

Tuma picha ya ndani kwanza, tuone ni toleo gani.